Mtengeeni paka fungu lake kabla ya kitunguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo moja linalohusu ukurasa wenu wa mapishi, ukurasa ambao huusoma kila unapotoka na ambao vipande vyake nimevihifadhi kwa miaka mingi ndani ya kabati la vyombo. Ombi langu ni dogo. Kila mnapochapisha pishi la samaki, kuku au nyama, ongezeni sentensi moja kabla ya ile inayomwambia mpishi akaange kitunguu, na sentensi hiyo imkumbushe mwenye paka nyumbani kwake atenge fungu la paka wakati kitoweo bado hakijatiwa kitu. Nitaeleza kwa nini jambo hilo linanishughulisha kiasi cha kuandika barua ndefu.

Mimi ni mpishi wa shughuli, mkaazi wa Kikwajuni hapa Unguja, na kwa zaidi ya miaka 30 nimepika pilau na biriani za harusi, khitma na maulidi, mbali na chakula cha kila siku cha nyumba yangu. Kwa muda wote huo sijawahi kupika peke yangu, kwa sababu uani kwangu daima kuna paka. Sasa wako watatu. Yupo Mdalasini, jike la rangi ya hudhurungi mwenye umri wa miaka tisa. Yupo Kifuu, aliyeokotwa mtaroni akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kifuu cha nazi. Na yupo shume mmoja mweusi aliyechanika sikio, ambaye si wangu wala si wa mtu, lakini hufika kila siku saa za kupika na kukaa juu ya ukuta bila ya kuteremka mpaka aone nimeweka kisu chini. Watu husema paka huijua saa ya chakula kwa harufu. Mimi nimewaangalia sana na naona kwamba wangu huijua kwa masikio: mbuzi ya nazi ikianza kukwaruza hawashughuliki, thomu, yaani kitunguu saumu, ikitwangwa kinuni huinuka na kwenda zao kivulini, lakini kisu kikigusa magamba ya samaki mara ya kwanza tu, wote watatu huwa wamekwishasimama. Kiumbe anayenisikiliza kazini kwa makini namna hiyo namhesabu kuwa mwenzangu jikoni, na mwenzako jikoni humpikii kitu cha kumdhuru ukijua. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa nikijua.

Mdalasini alikuwa na ndugu yake wa kiume waliozaliwa tumbo moja, nikimwita Hiliki. Miaka sita iliyopita, katika mwezi wa Shaabani ambao harusi huwa nyingi kwa watu kutaka kumaliza shughuli zao kabla ya Ramadhani, nilipata kazi nne mfululizo, na kila usiku nilirudi nyumbani na bakuli la mchuzi wa nyama uliobaki, ule mchuzi mzito wa biriani ambao uzito wake wote hutokana na kitunguu kilichokaangwa kikavurugika. Niliuroweka ndani ya wali nikawawekea paka. Mdalasini alinusa akaondoka, akaendelea kula mijusi na panya wake kama kawaida. Hiliki alikula sahani nzima, siku baada ya siku, na mimi nilifurahi kumwona anavyoramba sahani ile, nikaamini kwamba namtunza vizuri kuliko nyumba nyingine zinazowatupia paka makombo ya mwiba.

Ilipopita wiki ya pili aliacha kupanda ukutani. Alikaa chini ya meza ya kukatia, hataki kuchezewa, anapumua haraka kama aliyekimbia ilhali hajenda popote. Nilipomfungua kinywa niliona fizi zake zimepauka zikawa nyeupe, na mkojo wake uwani ulikuwa na rangi ya mkandaa, yaani wekundu wa kahawia. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimpe nusu ya kidonge cha parasetamo kwa kuwa pengine ana homa. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa nacho nyumbani usiku ule, kwani asubuhi yake nilipomfikisha kwa daktari wa mifugo niliambiwa kuwa mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama unavyoivunja mwili wa binadamu, na kwamba kidonge kimoja tu chatosha kumuua.

Daktari alimtazama Hiliki macho na fizi, akamshika tumbo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, paka huyu hula nini?" Nikamjibu kwa fahari, "Hula tunachokula sisi." Akaniomba nimtajie vitu vyote vilivyomo ndani ya mchuzi, kimoja kimoja, na nilipofika kwenye kitunguu na thomu alinizuia nisiendelee.

Alichonieleza siku ile nimekuja kukisikia tena kwa madaktari wengine, na ndicho ninachotaka wasomaji wako wakijue. Kitunguu maji, thomu, na majani ya kitunguu vyote vina kemikali ambazo, zikishaingia katika damu ya paka, huziharibu chembe nyekundu zinazobeba hewa, mpaka chembe hizo zikavunjika na damu ikapungua. Mtu hula kitunguu maisha yake yote bila ya kudhurika, lakini chembe za damu ya paka ni dhaifu mbele ya sumu hiyo kuliko zetu na kuliko za wanyama wengi. Kupika hakuiondoi. Kukausha na kusaga huikusanya, na kwa hivyo unga wa kitunguu na wa thomu uliomo ndani ya vikolezo vya pakiti ni mbaya zaidi kuliko kitunguu kibichi cha uzito uleule. Thomu ni kali kuliko kitunguu maji. Kiasi kinachotajwa kuwa chaweza kuanza kuleta madhara ni gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo moja ya uzito wa paka, maana yake ni kwamba paka wa kilo 4 ana gramu 20 tu, ambazo hazifiki robo ya kitunguu cha kawaida cha sokoni. Naomba kila mpishi apime mwenyewe kwa mkono wake robo ya kitunguu, kisha akumbuke ni vitunguu vingapi huingia ndani ya sufuria moja ya mchuzi. Jingine ambalo hutudanganya ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Hupita siku kadhaa, na paka anapolegea hakuna anayekumbuka tena alikula nini Jumatatu.

Hiliki alikufa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilimzika chini ya mkomamanga ulioko nyuma ya nyumba, na kwa muda wa miezi nilipokuwa nikimenya vitunguu sikuweza kutofautisha machozi ya kitunguu na machozi yangu.

Tangu hapo nimejaribu kumfahamu mnyama huyu kwa njia ambayo mpishi humfahamu mgeni wake, yaani kwa kuuliza anakula nini na tumbo lake linastahamili nini. Paka ni mla nyama tu, si kama mbwa wala kuku ambao huweza kuishi kwa mchanganyiko. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba ulimi wa paka hauionji ladha ya sukari hata kidogo, kwa sababu kirithi, yaani jeni, kinachojenga kionjio hicho kimeharibika kwa paka, na vilevile kwa chui milia na duma. Muhimu kuliko hilo ni kitu kiitwacho taurini, ambacho sisi tunaweza kukitengeneza wenyewe mwilini lakini paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha, na hukipata ndani ya nyama, hasa moyo, mapaja ya kuku, samaki na viumbe vya pwani kama pweza na chaza. Ndani ya wali hakimo, ndani ya ugali hakimo, wala ndani ya mkate au maharage. Paka akikikosa kwa muda mrefu huharibika macho, na mwaka 1987 madaktari wa wanyama nchini Marekani walionyesha kuwa hata misuli ya moyo wake hutanuka na kulegea kwa ukosefu huohuo. Kwa hivyo paka anayeshiba wali uliorowekwa mchuzi kila siku huwa amepatwa na mambo mawili kwa pamoja: amenyimwa anachokihitaji na amepewa kinachomuua, na mwenye nyumba akimtazama tumbo limejaa husema alhamdulillahi, paka wetu ameshiba.

Nimejiuliza sana iweje bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kusikia neno taurini, alikuwa na paka waliofika uzee wao, nami niliyesoma nikamuua wangu kwa wiki mbili. Jawabu nililipata siku moja nikiwa nimekaa kwenye kibao napaa samaki. Bibi alinunua samaki mzima kutoka kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli, akampaa mwenyewe uani, akamtumbua, na matamvua, moyo, maini na vipande vya ngozi alivitupa pembeni, juu ya jiwe ambalo paka walilijua. Walikula hapo hapo, kabla moto haujawashwa. Baada ya hapo ndipo alipotwanga vikolezo vyake, na chakula cha watu kikafunikwa kwa kawa. Hakufanya hivyo kwa elimu ya damu na chembe zake. Ulikuwa ni mpangilio wa kazi tu, na mpangilio huo ulimlinda paka bila ya mtu kujua.

Sisi tumeubadilisha mpangilio. Leo mtu akienda Darajani au Malindi hununua samaki wake akampa kijana wa sokoni ampae na kumkata vipande kwa malipo madogo, jambo ambalo ni riziki ya vijana wale na sina neno nalo. Lakini fungu la paka limebakia kule kule sokoni. Kinachofika nyumbani ni vipande safi vilivyomo ndani ya mfuko, vinaingia kwenye friji, vinatoka kwenda kwenye chungu, na paka wa nyumbani husubiri mpaka watu wamalize kula ndipo apewe mabaki. Mabaki yana kitunguu, thomu, chumvi, pilipili na siku hizi kikolezo cha pakiti juu yake. Kuku naye ni vivyo hivyo: zamani alichinjwa uani, sasa hununuliwa amekwishasafishwa. Paka hakubadilika. Tumembadilishia zamu ya kula, akatoka mwanzo wa pishi akaenda mwisho, na madhara yote ninayoyaeleza yamo katika umbali huo baina ya mwanzo na mwisho.

Ndiyo maana ombi langu linahusu mahali pa sentensi zaidi ya sentensi yenyewe. Kumwambia mtu asimpe paka vitunguu haisaidii kitu ikiwa amekwisha kupika na paka amesimama mlangoni analia. Atampa, kwa huruma, kama nilivyompa mimi.

Naomba nieleze ninavyofanya sasa, kwa kuwa wapishi tunafahamiana kwa vitendo. Nikimpeleka samaki kwa kijana wa sokoni humwambia anifungie kando vile vinavyotupwa, nami humuongeza kitu kwa usumbufu. Nikipata vibua vidogo au dagaa wabichi wa bei nafuu hununua fungu moja la ziada. Nikifika nyumbani, kitu cha kwanza kupanda jikoni ni sufuria ndogo ambayo zamani nilikuwa nikichemshia maziwa ya watoto. Huchemsha kitoweo cha paka kwa maji matupu, bila chumvi, bila ndimu, bila bizari, kwa muda wa kuiva tu. Wapo wanaoniambia kuwa paka wa porini hapikiwi, na ni kweli, lakini paka wa porini anakula panya aliyemuua sasa hivi, si samaki aliyeshinda juani juu ya meza ya soko. Tena baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoivunja vitamini B1, na moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Samaki akishapoa hutoa miba kwa vidole. Kuku akipikwa mifupa yake hupasuka ikawa mikali kama sindano, kwa hivyo nyama hutolewa yote mfupani na mifupa hutupwa pasipofikika. Supu iliyobaki ndani ya sufuria huwamiminia juu, kwa sababu paka hunywa maji kidogo mno, na katika joto letu ni vyema chakula chake kiwe na majimaji.

Maini nawapa mara moja kwa wiki, wala sizidishi, kwani maini yana vitamini A nyingi ambayo ikilundikana mwilini mwa paka huharibu mifupa yake. Jodari mtupu wa kila siku haufai. Ng'onda na papa mkavu nimeacha kabisa kuwapa, kwa chumvi yake. Maziwa pia nimeacha, ingawa watoto hunishangaa, kwa kuwa paka wengi wakishakua tumbo lao haliwezi kuyasaga maziwa na huharisha. Moyo wa kuku na wa ng'ombe ndio ninaoupenda kuliko vyote, na muuza nyama wangu siku hizi akiniona naingia huuweka kando bila ya kuambiwa.

Kazi yote hii inachukua dakika kumi, na dakika hizo hazipotei, kwani ndizo ninazotumia kumenya vitunguu na kukuna nazi. Huko kwenye shughuli, ambako masufuria hukaa juu ya mafiga na wasaidizi ni wengi, nilikuwa na desturi mbaya ya kuwaachia vijana wawafukuze paka kwa kuwamwagia maji, na nimewahi kumwona mmoja akimwagiwa maji yaliyokuwa ya moto, tendo ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma. Sasa nyama ya shughuli inapokatwa, kabla haijatiwa tangawizi na thomu, natenga sahani moja ya mapande ya mishipa na mafuta kidogo ambayo hayaingii katika biriani, nayachemsha, nampa kijana mmoja ayapeleke mbali nyuma ya nyumba. Paka humfuata, hula, hulala. Tangu nianze utaratibu huo sijapoteza kipande cha nyama hata kimoja kwa paka wa kudokoa. Yule tuliyekuwa tukimwita mwizi alikuwa na njaa, na aliiba kwa sababu harufu ilimwita na hakuna aliyemkaribisha.

Niseme pia kuhusu Forodhani, mahali ninapopapenda na ambapo baadhi ya wapishi wazuri wa mji huu hufanya kazi zao usiku. Chini ya meza zile paka ni wengi, na wageni pamoja na wenyeji huwatupia mishikaki na vipande vya kachori kwa mapenzi. Mishikaki imelowekwa thomu usiku kucha. Kachori na bajia nyingi zina kitunguu ndani yake. Sijui njia ya kumzuia kila mgeni, wala sitaki wazuiwe kuwapenda paka. Lakini muuza pweza akichemsha pweza wake kwa maji matupu kabla ya kumchoma, ncha mbili tatu za mikia zikiwekwa kwenye kibakuli kwa ajili hiyo, mgeni anaweza kuelekezwa kwa ishara ya mkono tu.

Najua watakuwepo watakaosoma barua hii na kukasirika kwamba namzungumzia paka ilhali kitoweo kimepanda bei na zipo nyumba ambazo watoto wao hawakipati kila siku. Hasira hiyo ni ya haki, na sisemi mtu amnyime mtoto ampe paka. Kichwa cha samaki aitwaye changu kwetu ni supu ya watu, na hakiwezi kuwa cha paka katika nyumba yenye upungufu. Ninachokiomba ni matamvua, ngozi, mapafu, vile ambavyo tayari vinatupwa, na ninaomba tu vitolewe mapema. Nyumba ambayo haina hata hivyo, bora paka aachiwe awinde panya kuliko kupewa mchuzi. Mdalasini aliokoka kwa mijusi.

Watakuwepo pia watakaouliza kuhusu usafi wa kupika huku paka wako karibu. Katika dini yetu jambo hili lina mafundisho ya wazi: Abu Qatada, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na alipomwona mkewe mtoto wake anamtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka. Na tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, ambaye hakumpa chakula wala hakumwacha akajitafutia vijidudu vya ardhini. Hata hivyo kutokuwa najisi hakumwondolei mpishi wajibu wa usafi. Paka wangu hawapandi juu ya meza ya kukatia, wana kibao chao na sufuria yao, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye chakula cha watu. Choo chao huzolewa kila siku, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa wa toksoplasma, ambao ni hatari kwa mimba, huchukua siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla havijaweza kumwambukiza mtu, na mwanamke mwenye mimba ni vyema amwachie mwengine kazi hiyo. Kila mwaka huwapeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia.

Na kwa kuwa nimesema tuwalishe, lazima niseme na hili. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hadi 65 tu, na anaweza kuanza kuzaa hata hajatimiza mwaka mmoja. Anayelisha bila ya kumpeleka paka wake kufungwa uzazi, baada ya muda mfupi hujikuta ana paka wengi kuliko matamvua ya soko zima, na watoto wale huishia mitaroni kama alivyookotwa Kifuu. Mdalasini na Kifuu wamefungwa. Shume mweusi bado hajakubali kushikwa, lakini mwezi uliopita alikula mimi nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nami ninasubiri.

Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa, maana yake aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi hata akirudi mara mia. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni ikitumiwa kwa watu, kwa ndugu wasumbufu na wapangaji wa zamani, lakini aliyeitunga bila shaka alikuwa na paka halisi mbele ya macho yake, uani, wakati wa kupika.

Basi, Ndugu Mhariri, sentensi ninayoiomba haitakula nafasi kubwa ya ukurasa wako. Katika pishi la samaki wa kupaka yaweza kuandikwa hivi: "Kabla ya kumpaka samaki thomu na tangawizi, chemsha kando fungu la paka kwa maji matupu." Katika mchuzi wa kuku: "Moyo na mapande ya ngozi yatengwe sasa, kabla ya kitunguu." Katika pilau, ambayo kitunguu chake huungua mpaka kikawa cheusi na ambayo paka wengi huipenda kwa mafuta yake, iandikwe kwa herufi nzito kwamba ukoko wa pilau asipewe paka. Nyinyi mnasomwa katika nyumba nyingi ambazo barua yangu haiwezi kufika nikizunguka nayo mwenyewe mlango kwa mlango, na mpishi aliyekata ukurasa wenu akaubandika ukutani huutazama kila hatua, mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko.

Ninaandika haya saa kumi na moja jioni, nikiwa nimekaa uani. Nimepata vibua wanane leo. Sita wako kwenye ungo wanachuja maji, wawili wadogo wamo ndani ya sufuria ya maziwa na mvuke umeanza kupanda. Mdalasini amekaa juu ya gunia la mkaa, Kifuu yuko miguuni pangu, na shume yuko mahali pake ukutani, ameshakunja mikono chini ya kifua. Kitunguu bado sijakimenya.

Wako mwenye kuheshimu kazi yako,

Mpishi wa Shughuli,
Kikwajuni, Unguja